Udongo Namba Kumi na Saba

3 Februari

Shikamoo Shangazi,

Kabla hujauliza: ninakula, ninalala, na lile koti ulilonishonea ninalivaa mpaka wenzangu kazini wanadhani sina jingine. Chumba changu kipya kina dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani. Msichana wa chumba cha pili anaimba kila akipiga pasi, sauti mbaya, roho nzuri. Nyie huko je? Goti linasemaje? Na Baba nilizungumza naye Jumapili, akanihubiria robo saa nzima juu ya kutoacha vyombo vichafu, basi nikajua ni mzima.

Sasa nina shida, Shangazi, na shida yenyewe ni udongo.

Maabara wamenipa mkataba wa miezi tisa, tangu Januari. Kazi yetu ni kutafuta bakteria wa udongoni wanaotengeneza dawa. Usikunje uso, sikiliza kwanza. Kijiko kimoja cha udongo kina viumbe wengi kuliko watu wa mtaa wenu na kelele zao zote. Wanagombania chakula na nafasi, na baadhi ya bakteria wana ujanja wao: wanatoa kemikali za kuwazuia majirani wasisogee. Nyingine zinaua fangasi, nyingine zinaua bakteria wengine. Dawa kadhaa za hospitali zilianza hivyo hivyo, kwa kiumbe mdogo aliyetaka tu kuachwa apumue. Sisi tunamtafuta atakayewaweza fangasi wa mapunye, wale wa vichwani mwa watoto, maana siku hizi wapo ambao dawa ya kupaka ya dukani wanaiona kama losheni.

Mwisho wa Septemba Bosi atatuita mmoja mmoja. Mwenye bakteria hai wa kumwonyesha atapewa mkataba mpya. Asiye naye atafunga virago. Mimi nimeshapima udongo wa sehemu kumi na sita na sijapata kitu hata kimoja.

Ndiyo maana nakuomba. Kule shambani kwa Baba, ng'ambo ya kijito, kwenye kona ya ua wa zamani, hapajalimwa tangu nizaliwe. Nichotee hapo. Ondoa majani ya juu, chimba urefu wa kidole, chota kwa kijiko kilichochemshwa, tia kwenye bahasha ya karatasi, andika mahali na tarehe. Nilimwomba Baba, akanijibu kwamba hakunisomesha ili aje atume matope kwa posta.

Na usinipigie simu, niandikie. Kwenye simu yako kila mteja anayeingia lazima anisalimu, mpaka salio linakwisha hatujasema kitu.

Wako,
Sindano


22 Februari

Marahaba Sindano wangu,

Barua yako ilinikuta mdomo umejaa pini, nikaisoma hivyo hivyo, na nilipofika kwenye mapunye nikajikuna kichwa mbele ya mteja. Sijui atarudi.

Huku tupo. Goti linauma likijisikia, na mvua ikinyesha linajisikia sana, na mvua imenyesha siku tisa mfululizo. Mke wa mwalimu ameleta mita mbili za kitambaa anataka gauni la mita nne. Nimemwambia achague moja, aongeze kitambaa au apunguze mwili. Amecheka, lakini kitambaa hajaongeza.

Baba yako mzima, kanuna tu. Ni yale yale ya kiatu. Unakumbuka harusi ya binti wa jirani yake, aliposimama kutoa nasaha, yeye akaenda mbele soli ikabaki nyuma? Ukumbi mzima ulivunjika mbavu. Miaka mitatu sasa, na bado akija dukani kwangu anapitia mlango wa nyuma asionane na fundi viatu wa pale jirani. Jina lake hataki hata kulitaja, anamwita Gundi, ati soli aliibandika badala ya kuishona. Watu wazima hao! Mimi simo.

Udongo wako huo hapo. Nimefuata yote uliyosema, kijiko nimekichemsha mpaka nikakihurumia. Mahali nimeandika juu ya bahasha. Ni vijiko vitatu, ndivyo vilivyopatikana, na usianze kuniuliza maswali.

Na mchumba je, au naye anatafutwa kwa kijiko? Mimi usinirudishie swali hilo. Mimi nilishaapa mbele ya ukoo mzima kwamba ndoa moja inanitosha. Wewe hujaapa.

Shangazi yako


28 Machi

Shangazi!

Shikamoo. Samahani kwa mwandiko, naandika nimesimama. Sote wazima, msichana wa pasi amepata mafua kwa hiyo tunapumzika na nyimbo, yote mengine nitakueleza siku nyingine.

Udongo wako umejibu!

Ngoja nikueleze kwa utaratibu. Udongo wako nilioupa namba kumi na saba niliukoroga kwenye maji safi, nikadondosha tone moja kwenye sahani ya kioo yenye chakula chao, kitu kama jeli. Baada ya siku sita yakaota madoa ya kila aina. Moja lilikuwa jeupe, kavu, kama mtu amemwaga unga kidogo. Nilipofunua kifuniko kikatoka harufu ya mvua ya kwanza, ile ya vumbi likiloa. Unajua harufu ile inatengenezwa na bakteria hao hao? Miaka yote tulikuwa tunadhani tunanusa mvua, kumbe tunawanusa wao.

Nikalichukua doa lile nikalipanda peke yake katikati ya sahani mpya, na pande zote nikapanda fangasi wa mapunye. Fangasi wakaota, wakasogea, wakasogea, halafu wakasimama. Wamelizunguka doa langu kwa mbali, na katikati pamebaki duara safi kabisa, tupu, kama ua uliofagiliwa. Nikarudia. Duara. Kwenye sahani nyingine nikaweka bakteria wa vidonda. Nao duara! Dogo kidogo, lakini duara.

Bosi, ambaye huwa hasemi, alisema "Mmh." Wenzangu wananiambia hiyo kwake ni hotuba.

Nimempigia Baba nikamweleza kwamba ni udongo wa shamba lake. Akasema alijua siku zote kwamba kona ile ina kitu. Shangazi, umeniokoa. Ukiwa hapa ningekubeba mgongoni pamoja na goti lako.

Sindano


11 Aprili

Sindano,

Hongera, mwanangu. Nimecheka, nimelia kidogo, nimejidunga kidole. Mke wa mwalimu ameongeza nusu mita na sasa tunaelewana.

Lakini wewe, nani alikutuma umwambie baba yako? Amezungushia ile kona waya. Ameweka kibao, USIKANYAGE, kwa rangi nyekundu. Jumapili ametembeza watu watano kule ng'ambo ya kijito, na wote amewavulisha viatu. Anasema udongo wa babu zetu unatibu. Nimemwambia, kaka, punguza chumvi, bado ni kitu cha kwenye sahani. Akaniuliza kama nina wivu.

Mimi nawashauri mtulie nyote wawili. Mambo ya udongo ni mambo ya udongo, huwezi kujua kilichotoka wapi kilikwenda wapi. Upepo upo, kuku wapo.

Mvua imekatika. Fundi viatu anakusalimu, alikuwa anapita tu.

Shangazi yako


2 Mei

Shikamoo Shangazi,

Natumaini goti limetulia. Mimi sijambo. Kazi inaendelea.

Naomba unitumie udongo zaidi, kutoka pale pale ulipochota mara ya kwanza. Pale pale hasa. Ni wa kuhakikisha tu, taratibu za kawaida za maabara, hakuna tatizo lolote. Ukiweza wiki hii nitashukuru. Ukiweza leo nitashukuru zaidi.

Sindano


23 Mei

Sindano,

Barua yako fupi kama risiti. Nimeigeuza nyuma nikidhani kuna maneno zaidi, hamna. Hata koti hukulitaja. Kuna nini?

Haya, udongo ndio huo unaoletwa na basi, ndoo nzima. Usishtuke. Nilimwambia baba yako unahitaji mwingine, akaninyang'anya kazi. Yule yule aliyesema hatumi matope! Alichimba mwenyewe, amevaa shati la kola, nami nimesimama pembeni nimeshika kijiko kilichochemshwa ambacho hakuna aliyekihitaji. Nimevuka kijito na goti langu hili, nimehakikisha kwa macho yangu. Safari hii umetoka kwenye kona ile hasa, hilo nakuapia.

Nilikuwa na neno moja la kukuambia lakini basi linaondoka.

Shangazi yako


30 Juni

Shikamoo Shangazi,

Asante kwa ndoo. Dereva aliniuliza kama ninajenga.

Leo naandika kwa kirefu kwa sababu nimekuwa nikikuficha jambo, na moyo umechoka. Nimepima udongo wa ndoo ile mwezi mzima. Sahani hamsini na nne. Wamo bakteria weupe, wamo wa kijani, yumo mmoja wa zambarau mzuri sana asiyefanya kazi yoyote. Fangasi wanawapita juu kama njia. Namba kumi na saba hayumo.

Na mimi ninamhitaji, Shangazi, kwa sababu yule wa kwanza nimemuua.

Sisi kila Ijumaa tunakusanya sahani zilizokwisha kazi, tunazipika kwenye mtungi wa mvuke, dakika ishirini, wafe wote ndipo zitupwe. Unajua nilivyolelewa. Baba alikuwa anapanga vijiko kwa urefu. Ijumaa ile nikafungua friji, nikaona rafu yangu imejaa hovyo, trei nzima haina maandishi, nikajisemea uchafu gani huu, nikaibeba. Nikaipika. Nikafuta na friji kwa kitambaa, nikajipongeza. Jumatatu nikamtafuta namba kumi na saba. Nilikuwa nimemwandika kwa kalamu ya kawaida, unyevu ukafuta. Sahani yake, na chupa mbili za akiba, vyote nilikuwa nimeviweka kwenye trei moja ili visitawanyike.

Nilimpika mwenyewe, kwa usafi wangu mwenyewe, na vijiko vyako vitatu nilikuwa nimevimaliza vyote.

Bosi nilimwambia siku hiyo hiyo. Hakufoka, na heri angefoka. Alisema picha za duara anazo, lakini picha haitibu mtoto, na Septemba ni Septemba. Baba hajui. Nikimwambia nitasikia mpaka uzeeni.

Basi nakuuliza kwa heshima zote, usikasirike. Ule udongo wa kwanza, je, ni kona ile ile? Ulipita mahali pengine njiani? Kijiko kilikuwa cha nini kabla? Chochote unachokumbuka. Nimebakiwa na miezi mitatu.

Sindano


28 Julai

Shangazi, shikamoo.

Wiki nne kimya. Nimemuuliza Baba kama unaumwa, akasema umenenepa na unaimba. Kama nimekuudhi kwa maswali yangu nisamehe. Lakini nijibu, tafadhali. Nahesabu siku kwa mkaa ukutani kama mfungwa, mwenye nyumba ameshaniuliza.

Sindano


6 Agosti

Sindano wangu,

Hii ni barua ya nne. Tatu za mwanzo nimezichana. Kaa kitako.

Umenieleza la kwako bila kujipaka mafuta, na mimi mtu mzima nimekuwa napiga chenga tangu Februari. Aibu imenishika. Unilaumu utakavyo, ila soma mpaka mwisho.

Shambani sikwenda. Mvua ilikuwa siku ya tisa, kijito kimefura, goti halikunjuki. Nikajisemea, udongo si udongo tu, mtoto atajuaje? Nikachota kwenye kiatu kilichopo dirishani kwangu.

Ndiyo, kiatu. Buti la ngozi, la zamani, mguu wa kushoto, limepandwa maua mekundu. Nilichota vijiko vitatu kwa sababu cha nne kingeng'oa mizizi. Juu ya bahasha nikaandika "kona ya ua wa zamani", na kalamu wala haikusita, nataka ujue shangazi yako ni mtu wa aina gani.

Sasa utauliza buti limetoka wapi. Nimepewa. Fundi viatu. Gundi wa baba yako, huyo huyo. Mwenye buti alilitelekeza kwake, naye fundi akalitoboa chini, akalijaza udongo wa nyuma ya kibanda chake uliochanganyika na vipande vya ngozi anavyofagia kila jioni na majani yaliyooza, akaniletea Desemba, akasema, "Hili halihitaji kushonwa." Nilicheka siku mbili. Tangu hapo anakunywa chai kwangu saa kumi. Mwanzoni alikuwa anakaa mlangoni. Siku hizi ana kiti chake.

Sindano, nampenda. Haya, nimeandika. Nina miaka hamsini na mitatu na nimeandika.

Ningekueleza mapema, lakini ungemwambia baba yako kama ulivyomwambia ya udongo. Mimi niliyeapa mbele ya ukoo, kisha nije na Gundi? Na tayari kaka amevulisha watu viatu pale kwenye kona yake, amewahutubia mpaka mwenyekiti wa mtaa. Kila nikishika kalamu nilimwona anang'oa kile kibao, nikaiweka tena chini. Ndipo nikajitia kukupelekea udongo halali, nikidhani Mungu atausaidia ufanane. Kumbe ukweli niliouleta ndio umekupotezea mwezi.

Nilipoisoma barua yako ya Juni nilimsomea na yeye. Alisikiliza, akaweka kikombe chini, akauliza, "Sasa unamficha mtoto kwa ajili yangu?" Nikamwambia nyamaza. Akanyamaza wiki nne, na mimi nikanyamaza wiki nne, hata chai haikuwa na ladha. Jana akaja na boksi.

Basi buti lenyewe lote linakuja na basi la kesho, na maua yake, na udongo wake wote. Ameongeza mfuko mdogo wa udongo wa nyuma ya kibanda. Usilimwagilie kabla hujachota. Na safari hii, mama, tumia kalamu isiyofutika!

Shangazi yako muongo


14 Septemba

Shikamoo Shangazi wangu muongo, na salamu kwa mwenye kiti cha saa kumi.

Nianze na maua: yamefika yamelala, sasa yamesimama. Buti liko juu ya meza yangu ya kazi na kila anayeingia ananiuliza la pili liko wapi. Msichana wa pasi ametunga wimbo wa kiatu. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama kituo cha basi, nikacheka peke yangu mpaka kondakta akaniuliza kama nasafiri au naumwa. Nilikasirika pia, nisikufiche. Nilikasirika kama dakika kumi, nikikumbuka zile sahani hamsini na nne. Halafu nikafika pale ulipoandika "nampenda", hasira ikakosa pa kukaa.

Sasa sikiliza. Udongo wa buti niliupanda sahani ishirini. Siku ya saba, kwenye sahani ya kumi na mbili, doa jeupe la unga. Nikafunua kidogo. Mvua! Sikumwambia mtu. Nilimpanda katikati ya fangasi, nikawa nakuja kila asubuhi kabla ya wenzangu, roho juu, naogopa hata kufungua friji. Siku ya kwanza fangasi wakaota. Ya pili wakasogea. Ya tatu wakasogea, nikaenda zangu kununua begi la kupakia nguo zangu, nikijua nafunga virago. Ya nne wakasimama.

Duara, Shangazi. Pana kuliko la mara ya kwanza, milimita ishirini na sita, nimepima mara nane. Nilikaa sakafuni na koti lako, nikalia mpaka mlinzi akaja kuangalia. Nikamwonyesha. Akasema haoni kitu. Nikamwambia ndiyo, hicho ndicho kitu chenyewe, hakuna kitu hapo!

Yupo sasa kwenye chupa kumi, ndani ya friji tatu, katika majengo mawili. Chupa moja amechukua Bosi mwenyewe. Alitazama sahani, akatazama buti, akasema "Mmh" mbili.

Limebaki jambo moja, na hili ni lenu. Maabara haipokei kiumbe aliyetoka kwenye udongo wa mtu bila saini ya mwenye udongo. Bila hiyo fomu, hata akiwa hai hahesabiwi, na mkataba wangu hautiwi saini. Mwisho ni tarehe thelathini. Fomu naiambatanisha. Mahali nimejaza: buti la ngozi, mguu wa kushoto, dirishani. Bosi alisoma mstari huo mara mbili na hakuufuta. Jina na saini ataweka fundi mwenyewe. Kuna sehemu nyingine nimeshindwa kuijaza, ile ya "uhusiano wa mwenye udongo na mtafiti", maana wanataka kujua kama ni ndugu. Jirani? Rafiki wa shangazi? Kila nilichoandika kwenye karatasi ya pembeni nilikiona kidogo. Nimeiacha tupu. Ijaze wewe, na uijaze kwa ukweli, maana nikiulizwa nitaapa.

Na Baba lazima ajue kabla hajaiona mahali pengine. Mweleze na yangu pia, ya mtungi wa mvuke. Nimechoka kuogopa kusikia mpaka uzeeni, heri nianze kusikia sasa.

Sindano


22 Septemba

Marahaba, mwanangu,

Goti jema, anga jeupe, mke wa mwalimu amevaa gauni lake na linafunga. Hizo ndizo salamu, sasa habari.

Nilikwenda kwa kaka Jumapili. Nilipiga moyo konde tangu kwenye geti, nikakaa, nikakataa chai ili nisipate kisingizio, nikamwaga yote: buti, mvua, uongo wangu wa bahasha, trei yako iliyopikwa, mkataba, fundi. Nilimwita jina lake, siyo Gundi. Kaka akanitazama. Akanyanyuka, akatoka nje, nikamwona anavuka kijito. Nikasema nimekwisha.

Akarudi na kibao chini ya kwapa. Akauliza, "Kwa hiyo kona yangu haina kitu?"

Nikamwambia ina bakteria wa zambarau, mzuri sana.

"Anafanya kazi gani?"

"Hana kazi."

Mabega yakaanza kumtikisika, na Sindano, tulicheka sisi wawili kama hatujacheka tangu mazishi ya mama, mpaka akashika tumbo anaomba nimhurumie. Halafu akakoma ghafla akaniuliza tena habari za mkataba, tarehe, saini. Nilivyomweleza akaingia ndani akatoka na shati la kola. Kuhusu mtungi wa mvuke ana maneno, na nakuonya ni mengi, lakini anasema atakuambia akiona mkataba.

Tulifika kibandani saa kumi. Fundi alikuwa na kiatu cha mtu mapajani. Wakaangaliana. Nilikuwa tayari kukimbia, na goti hili. Kaka akatoa fomu, akaiweka juu ya kiatu, akasema, "Andika vizuri. Hiyo ni ya mwanangu." Fundi akapangusa mikono, akaandika polepole herufi moja moja, na kaka akimchungulia begani, akamkosoa hata nukta. Walipomaliza hakuna aliyeondoka. Ilibidi niongeze kikombe.

Ile sehemu tupu waliniachia mimi. Fundi aliniambia nisiandike neno ambalo sijalitaka. Nikamwambia hili nimelitaka tangu Desemba, wewe ndiye mzito. Kaka akajifanya anatazama barabara. Nimeijaza kwa mkono wangu, kwa wino usiofutika: mume wa shangazi yake.

Fomu inapanda basi leo. Sisi tunakwenda kuandikisha ndoa Jumamosi asubuhi, saa nne, kaka ndiye shahidi. Ikikufikia Ijumaa, ikalie, usimpe Bosi mpaka saa nne na nusu ya Jumamosi, maana kabla ya hapo itakuwa uongo, na mimi kuidanganya maabara yenu nimeacha.

Shangazi yako